Uzito wa Recheli

Esperansi alikuwa akisomea shahada ya uzamivu, na utafiti wake haukuwa rahisi kuueleza nyumbani kwao Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi Warundi. Mama yake alipomuuliza anasoma nini huko Tabora, alijibu kwamba anachunguza programu za kompyuta kama zinafanya kazi sawasawa.

"Kwani huwa zinadanganya?" mama akauliza.

"Hazidanganyi, mama. Zinafanya kile zilichoandikiwa. Ila wakati mwingine aliyeandika hakujua yote aliyoyaandika."

Programu aliyokuwa akiichunguza ilitumika katika hospitali ya misheni iliyo nje ya mji, upande wa Ntalikwa. Hapo Dokta Kasimiri Mahona, daktari wa upasuaji, aliwatoa wanawake uvimbe wa saratani ya matiti, na kidonda kikishapona aliwatundikia dripu za dawa kali za kumaliza mabaki ya ugonjwa. Dawa hizo hazina mzaha. Zikipungua, ugonjwa unarudi; zikizidi, zinamaliza damu ya mgonjwa mwenyewe. Kipimo hutegemea uzito na urefu wa mtu. Wauguzi walikuwa wachache, wamechoka, kwa hiyo Sahil, kijana wa Mzee Ratilal mwenye duka la vipuri mjini, aliwaandikia programu ya kuwakokotolea vipimo. Aliiandika kwa moyo wote, maana mama yake mwenyewe alipasuliwa na Dokta Mahona akapona.

Sahil alikuwa ameijaribu kwa mifano mingi na kila jibu likatoka sawa. Esperansi hakutafuta mifano zaidi. Alitaka kuthibitisha kwa hesabu kwamba kwa mgonjwa yeyote, na muuguzi abonyeze kwa mpangilio wowote, kipimo kitakachotoka ni kile madaktari walichokikubali. Uthibitisho ukaenda vizuri, halafu ukakwama mahali pamoja. Akadhani kosa ni lake. Akaurudia, ukakwama palepale.

Asubuhi moja, chumbani kwake mtaa wa Cheyo, aliacha hesabu akaifungua programu yenyewe, akafanya kama angefanya muuguzi mwenye haraka. Akaingiza uzito, akaenda kwenye ukurasa wa dawa, akajidai amekumbuka kwamba uzito ule ni wa zamani, akarudi kuusahihisha, kisha akaendelea. Kioo kikaonyesha uzito mpya. Kipimo cha dawa kikabaki cha uzito wa zamani.

Alimpigia Sahil, naye akaja na bodaboda bila hata kuvua ovaroli ya dukani. Akajaribu mwenyewe, akajaribu tena.

"Ni mstari mmoja tu," alisema. "Naurekebisha leo hii."

"Najua."

"Basi turekebishe, yaishe. Kuna haja gani ya kuwatia watu hofu?"

"Sahil, kuna waliokwisha kupewa dawa."

Sahil akaitazama tena namba kwenye kioo. Kisha ni yeye aliyesema, "Twende kwa Dokta."

Dokta Mahona aliwasikiliza akiwa bado na nguo za chumba cha upasuaji. Hakuuliza maswali mengi. Aliagiza kompyuta izimwe, vipimo vyote vikokotolewe kwa mkono, na kila kimoja kihakikiwe na mtu wa pili. Kisha wakarudia hesabu za wagonjwa wote waliopitia dripu. Majibu yalilingana, isipokuwa ya mgonjwa mmoja.

Mahona alimkumbuka. Recheli alikuja kutoka Urambo akiwa mwanamke mnene, mchangamfu. Baada ya upasuaji kidonda kilitunga usaha, naye akakonda sana. Siku ya dripu ya kwanza muuguzi alimpima, akaona uzito umepungua, akausahihisha kama ilivyompasa. Mashine ikamkokotolea dawa ya yule Recheli wa kabla ya kisu. Homa ikampanda, damu ikaisha kinga, wakamzika kwao wakati mahindi yanakomaa.

Daktari aliweka mikono juu ya meza.

"Huenda angekufa hata kwa kipimo sahihi," alisema. "Kidonda kilikuwa kimeshamdhoofisha."

"Ndiyo, Dokta."

"Lakini hilo sitalijua kamwe. Na mume wake hajui hata kwamba kuna jambo la kuuliza."

Mkuu wa hospitali alishauri wangoje kwanza maelekezo kutoka juu. Mahona akamwambia kwa heshima kwamba maelekezo yatamkuta njiani. Jumamosi yake wakaondoka watatu kwa gari la daktari, wakashika barabara ya magharibi, ile inayofuatana na reli na iliyofuata njia ya wapagazi wa zamani waliokuwa wakienda Ujiji. Sahil alikaa nyuma.

Deus, mume wa Recheli, walimkuta kwenye bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, akichochea moto. Mdogo wa marehemu, Jeska, aliwaletea viti na sahani ya michembe ya viazi vitamu, kisha akabaki amesimama mlangoni.

"Shikamoo, baba," Esperansi alisema.

"Marahaba. Karibuni."

Mahona hakuzunguka. Alieleza kosa lilivyokuwa, na kwamba Recheli alipewa dawa nyingi kuliko mwili wake ulivyoweza kubeba. "Siwezi kusema dawa ndiyo iliyomuua," alimaliza. "Wala siwezi kusema siyo. Mgonjwa alikuwa wangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Deus aliutazama moto. "Alikuwa akiniambia ile dawa imemzidi," alisema. "Nikamwambia avumilie, madaktari wanajua."

Akatupia gogo jingine motoni.

"Aliyeandika hiyo programu ni mimi," Sahil alisema.

Deus akamgeukia. "Una mama?"

"Ninaye. Dokta ndiye aliyemponya."

"Mshukuru Mungu."

Kisha akamwuliza Esperansi kwa Kirundi, lugha ya wazazi wao wote wawili, kana kwamba wageni wengine hawapo: ni yeye aliyeliona kosa? Esperansi akakubali. Na kwa nini hakuliona mapema, mke wake akiwa hai? Utafiti wake ulikuwa haujaanza wakati huo, lakini jibu hilo halikutaka kutoka mbele ya mtu yule.

"Moto utazimika," Deus alisema kwa Kiswahili, akawapa mgongo. Waliaga bila kupeana mikono.

Mvua zilipita, zikaja nyingine. Programu iliandikwa upya, na safari hii uthibitisho wa Esperansi ulifika mwisho bila kukwama. Hata hivyo Mahona hakuruhusu dripu itundikwe kabla muuguzi hajakokotoa kwa mkono na majibu mawili kulingana, na Esperansi hakumpinga.

Siku moja Esperansi aliitwa wodini. Jeska alikuwa ameketi kitandani, khanga imefungwa kifuani.

"Nina uvimbe," alisema. "Ninao tangu dada yuko hai."

"Mbona hukuja, dada yangu?"

"Nilimwona alivyokufa. Nikajua dawa yenu ndivyo inavyomfanya kila mtu. Nikasema mimi nitafia nyumbani. Mlipokuja ndipo nikajua kumbe palikuwa na kosa." Alinyoosha khanga magotini. "Nimebishana na moyo wangu miezi yote hii."

Dokta Mahona alimpasua wiki hiyohiyo. Uvimbe ulikuwa umekua, ila haukuwa umefika mbali. Siku ya dripu ya kwanza Jeska alitaka kuuona uzito wake kwenye mizani, halafu kwenye kioo, halafu akamwomba muuguzi amsomee hesabu ya mkono kwa sauti. Muuguzi akasoma polepole, mpaka Jeska akaridhika.

Nywele zilimtoka, akatapika, akalia usiku, akaendelea. Aliyemleta kila mara alikuwa Deus. Alimfikisha mlangoni, akakaa kwenye benchi la nje, kofia mapajani. Esperansi akipita alimwamkia, naye alijibu marahaba, basi. Esperansi hakutegemea zaidi ya hapo.

Dripu ya mwisho ilichelewa kuisha. Esperansi alitoka nje akamkuta Deus peke yake juani. Deus alimtazama, akasogea pembeni kidogo kumpa nafasi kwenye benchi, akaweka kofia upande wa pili. Esperansi akakaa. Walikaa pamoja mpaka Jeska alipotoka akitembea kwa miguu yake mwenyewe, akasema ana njaa.