Bafu la Kahawia na Bluu

Rangi nilichagua mwenyewe, na mtu asiniambie nilidanganywa na fundi. Chini malumalu za kahawia hadi usawa wa kiuno, maana kwa vumbi hili la Bariadi ukiweka nyeupe utapiga deki mpaka uingie kaburini. Juu bluu iliyopauka, na dari vilevile. Bluu ilikuwa ya Gloria. Mjukuu wangu ana miaka mitano, na kitu kisicho cha bluu kwake hakina maana. Hata uji angetaka uwe wa bluu.

Kwa miaka mitatu Lucy, mwanangu wa pekee, alikuwa akija na mumewe na Gloria kunisalimia kutoka Mwanza na kulala gesti. Mchana wanashinda kwangu, jioni wanabeba mikoba yao. "Mama, Gloria anaogopa choo cha shimo," alikuwa akisema. Kweli aliogopa. Siku alipoonyeshwa lile tundu alilia mpaka majirani wakatoka nje. Basi mimi nasimama getini nawapungia mkono, kisha narudi kwenye sufuria niliyopikia watu wanne, nakula peke yangu. Tangu mume wangu afariki sijajua kupika kidogo.

Mwaka huu nikasema basi. Kando ya sebule kulikuwa na stoo, hatua tatu kwa mbili. Nikatoa magunia, nikamwita fundi Mayige.

Mayige ana mkono mzuri, ila mdomo wake haupumziki. Nilipomwambia bluu iliyokoza, akasema chumba kidogo namna hii kitakuwa kama sanduku, nipauze. Hapo nilimsikiliza. Akaweka choo cha kukaa, bomba la mvua, na kioo mkabala na dirisha ili mwanga uingie mara mbili. Rafu ya mbao tukaiacha na kahawia yake. Pazia nilishona mwenyewe, bluu yenye pindo la kahawia, nikalifumua mara mbili kwa sababu pindo lilikwenda upande.

Siku ya mwisho akauliza, "Na kile choo cha nje?"

"Bomoa. Fukia kabisa."

Akajikuna shingo. "Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "si ungekiacha kwanza? Unajua wageni..."

"Mayige, nimekuita uweke malumalu au unipangie wageni?"

Akachukua nyundo yake akatoka. Nilisikia mabati ya choo cha zamani yakianguka na nikafurahi. Juu ya udongo mpya nikapanda mchicha.

Walikuja Ijumaa. Luhende, mkwe wangu, ni kijana aliyelelewa. Alichuchumaa kule karibu na geti, macho chini, akanisalimia, "Mwadila, mayu." Nikaitikia nikiwa mlangoni. Kwa mila yetu mimi na yeye hatushikani mikono wala hatukai sebule moja, na sijawahi kuona tatizo katika hilo. Nilikuwa nimemtandikia chumba cha uani chenye mlango wake, kama inavyotakiwa.

Gloria aliingia bafuni akapiga kelele za furaha. Akafungua bomba la mvua na nguo zake zote mwilini. Akakataa kutoka. Nilisimama pale mlangoni na maji yakinirukia, wala sikusogea. Watalala kwangu. Kesho nitaamka niwakute.

Haikupita saa moja Lucy akaniita jikoni. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, Luhende anauliza choo cha nje kiko wapi."

Nikamwonyesha mchicha.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Mkwe haogi anapooga mama mkwe wake, na wala hatumii choo chake. Na mimi si mgeni wa jambo hili, ni Msukuma wa Shishiyu. Mama yangu, mume wangu alipokuja kwetu, alikuwa akizunguka nyuma ya mahindi ili wasipishane njiani. Nilijua yote hayo. Lakini nilikuwa nimekaa peke yangu muda mrefu, na nilipojenga nilimfikiria mtoto mmoja tu. Mayige alitaka kunikumbusha nikamfunga mdomo.

"Usijali, Mama," Lucy alisema. "Tutalala gesti kama siku zote. Ni siku tatu tu." Alishashika mkoba. Bafuni Gloria alikuwa anaimba.

"Hamwendi popote," nikasema.

Nikaingia bafuni nikatoa dodoki langu, beseni langu, ndala na khanga iliyokuwa kwenye msumari. Nikapangusa rafu isibaki hata alama ya sabuni yangu. "Kwa siku tatu nyumba hii ni yako, Lucy. Mimi nalala kwa Rehana."

Luhende alikuwa uani, hatua kumi tu kutoka nilipo, lakini alisema na mkewe. "Mwambie mayu haifai. Hatuwezi kumtoa kwake."

"Mwambie," nami nikamjibu Lucy, "shimo halichimbwi kwa siku moja, na mimi nimeshaamua."

Luhende akainamisha kichwa.

Rehana ni jirani yangu, mjane kama mimi, anauza vitenge sokoni. Aliponiona na beseni alicheka mpaka akashika ukuta. "Yaani Apolonia, umejenga bafu lile, kisha unakuja kuoga kwangu kwenye mabati?" Halafu akaniangalia usoni, akaacha kucheka, akaenda kunichotea maji ya moto. Niliogea juu ya jiwe lake. Ng'ambo ya ua nilimsikia Gloria akiomba aongezewe maji, na Lucy akimwambia yanatosha.

Kila asubuhi nilikwenda kwangu na kupiga hodi. Ilinibidi, maana Luhende angeweza kuwa ndani. "Subiri kidogo, Mama," Lucy anasema, nami nasubiri kwenye ngazi mpaka mumewe atokee mlango wa jikoni ndipo niingie wa mbele. Sukari yangu ilikuwa imehamishwa. Nikiinuka kusaidia vyombo, Lucy ananiambia nikae nipumzike, ananiletea chai kwenye kikombe cha wageni. Alikuwa ananiheshimu. Mimi nilitaka anigombeze kwa kuosha vibaya, kama zamani. Jua likishuka naaga, ili mwenye nyumba apate kuoga.

Jumapili jioni, siku moja kabla hawajaondoka, niliaga mapema. Lucy alikuwa na mikono yenye unga.

"Gloria," akaita, "msindikize Bibi."

Mtoto akaja mbio, nywele zimelowa, ananukia sabuni. Akanishika kidole, tukatembea uani kwangu, tukapita mchicha wangu, mpaka getini kwangu. Hapo akaniachia mkono na kusimama wima, kama alivyofundishwa kwao.

"Asante kwa kututembelea, Bibi," akasema. "Karibu tena."

Nikamwambia asante, nitakuja.