Matofali Yenye Mdomo

Saa tatu asubuhi mjane wa fundi alikuwa amechutama, timazi mkononi, akipanga kozi ya tatu ya matofali ya nyumba yake, ukuta ukakohoa.

"Pembe hiyo imepinda," ukasema.

Akapima. Kweli imepinda.

"Si ungesema mapema?" akaujibu, akaling'oa tofali.

Sauti ilikuwa ya marehemu mumewe, ile ile ya kukwaruza. Mtu yule alikuwa na mdomo, jamani! Akifyatua matofali hanyamazi: mara anautania udongo, mara anausimulia habari za mtaa. Haya ya udongo na saruji kiduchu aliyafyatua mwenyewe, akayamwagia maji, akayafunika turubai yakomae siku ishirini na nane. Yeye akafariki siku ya kumi na moja. Matofali yakaendelea kukomaa, maneno yamo ndani.

Nyumba ilipoezekwa, ukuta ukawa unauliza wajukuu wamekula nini, na kumkumbusha binti yao aanue nguo. Jirani mwenye nyumba ya zege alikuja kila mchana na mkeka wake, maana kwake mlikuwa tanuri. Mjane alikuwa amelia miezi mitatu. Sasa alifagia huku akibishana na ukuta, na roho yake ilikuwa kwatu.

Kilichobaki ni cheti. Nyumba isiyo na cheti cha kudumu, halmashauri huibomoa.

Mkaguzi alikuja Alhamisi na fomu. Akagonga ukuta kwa nyundo.

"Taratibu, mwanangu. Mbavu hizo."

"Samahani, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Goti la mama yako?"

"Lina nafuu. Anakusalimu."

Nyumba ya mama huyo ilijengwa na marehemu fundi, kwa udongo huo huo, miaka thelathini iliyopita, na haina ufa. Mkaguzi alizaliwa humo. Akaegemea ukuta, akafumba macho kidogo kwa ule ubaridi, kisha akafungua fomu. Visanduku vilikuwa viwili: zege na mawe.

"Udongo haumo, mama."

"Si uandike pembeni?"

"Pembeni hawasomi."

Akaandika NYUMBA YA MUDA. Akatoa notisi ya kubomoa, siku tisini, akasimama nayo mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu.

"Bandika kule kivulini," ukuta ukamwambia. "Huku jua litaibandua, uje ugombezwe kazini."

"Asante, mzee."

Alipoondoka, mjane akaweka kiganja ukutani.

"Nimeshakuzika mara moja," akasema. "Ya pili siiwezi, mume wangu."

 Ukuta ukajikohoza.

"Kuna matofali thelathini yamebaki. Lete timazi tujenge kibaraza. Nimechoka kukaa chini ya turubai."

Mjane akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akachanganya udongo, akachutama. Hadi jioni kibaraza kilikuwa kimesimama, pembe zimenyooka zote. Notisi ilikuwa pale pale kivulini, imeshika vizuri kabisa.