Kitasa cha Mama Dina

Vitasa vya siku hizi vinakufa kabla mlango haujavizoea. Imakulata alikuwa amepiga magoti barazani kwa Sia, ofisa wa halmashauri aliyehamishiwa Newala kutoka Moshi, anakwangua vumbi jekundu kwenye kitasa kilichonunuliwa mwaka huohuo. Chuma chake kilimeguka kwenye bisibisi. Na bei imepanda tangu korosho zianze kuanguka mitini, maana wenye maduka wanajua kuwa mkulima akishika hela kidogo, kitu cha kwanza anataka mlango ufunge.

"Nikinunua kingine kama hiki kitadumu?" Sia aliuliza.

"Kitadumu mpaka mimi nitoke getini."

Sia alicheka, akaingia ndani kutafuta chenji.

Upande huu wa barabara ni nyumba mpya za watumishi, zenye geti, nondo madirishani na mabati ya rangi. Ng'ambo ni nyumba za zamani za matofali ya udongo, na msimu huu wenyewe wengi wamehamia kwenye vibanda vya mashambani mpaka korosho ziishe. Imakulata alikuwa fundi wa pande zote mbili. Ufundi alijifunzia karakana ya Ndanda, ila kanuni moja aliitunga mwenyewe: mwenye nyumba asipokuwepo, hagusi mlango mpaka jirani aje ashuhudie.

Ndipo akamwona Scholastika amesimama getini, miguu imejaa vumbi la njia ya mashambani Makote, gunia la muhogo mkavu kichwani.

"Shikamoo, Mama Dina."

"Marahaba. Mama Luka, ufunguo wangu hauingii mlangoni. Nimejaribu mpaka mkono unauma."

Imakulata aliweka bisibisi chini. Aliyebadilisha kitasa kile ni yeye.

Wiki iliyopita aliitwa na Benjamin, mtoto wa dada wa marehemu Mzee January, mume wa Scholastika. Benjamin alisema mama amepoteza ufunguo shambani, kamtuma aweke kitasa kipya. Majirani wa karibu walikuwa mashambani, na Imakulata hakuona haja ya kuwangoja. Huku mpwa haulizwi kwa mjomba wake. Anaingia, anafunua chungu, anakula, na atakayemhoji ndiye atakayeonekana hana adabu. Tena pembeni alisimama Cecil, mtendaji wa mtaa, anatabasamu. Imakulata akaona mtendaji anatosha kuwa shahidi. Alibadilisha kitasa, akamkabidhi Benjamin funguo zote.

Alimweleza Scholastika hivyo hivyo, bila kujitetea. Scholastika alishusha gunia.

"Mimi sijamtuma Benjamin. Na ufunguo wangu ndio huu."

Walikwenda ofisini kwa mtendaji. Cecil alikuwa anakunywa chai, na hakuwakaribisha viti.

"Hilo ni suala la kifamilia," alisema. "Serikali haiingii."

"Mbona uliingia wiki iliyopita?" Imakulata aliuliza.

"Nilikuwa shahidi tu. Benjamin ameipangisha nyumba kwa wanunuzi wa korosho, wanafika leo jioni. Mama, wewe una kibanda shambani, na mila zenu ziko wazi: mali ya mjomba ni ya mpwa."

"Mila zetu umezijua lini?" Scholastika alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Maji ya kufyatulia matofali yale niliyapandisha mimi kutoka bondeni, kwa kichwa hiki. Benjamin alikuwa hajazaliwa. Mila ipi inayosema nilale nje?"

"Nenda baraza la kata ukalalamike."

"Wanakaa lini?"

"Msimu ukiisha."

Imakulata alisikia hasira inampanda. Msimu ukiisha wanunuzi watakuwa wameondoka, kodi imeliwa, na huyu mjane ameshazoeleka kuwa mtu wa shambani. Hivyo ndivyo mtu anavyonyang'anywa nyumba bila hata kupigwa kofi, na yeye ndiye aliyewashikia bisibisi.

"Naenda kuufungua ule mlango," alisema.

Cecil aliweka kikombe mezani. "Ukiugusa nitakufungulia kesi ya uvunjaji."

"Nilipouvunja mara ya kwanza ulinipa pole kwa kazi."

Safari hii hakuruka kanuni yake. Alipita pande zote mbili za barabara anapiga hodi, akawakusanya waliokuwepo: bibi mmoja kipofu, Hajira muuza vitumbua, na Sia, aliyekuja na kandambili za ndani. Mbele yao alichokoa kitasa mpaka kikaachia, akakichomoa, akafunga kingine kizito cha zamani alichokuwa amekitoa nyumba ya wamisionari. Funguo zote alimpa Scholastika.

Scholastika aliingia na gunia lake. Kitanda chake kilikuwa kimesimamishwa ukutani, sufuria zake zimetupwa uani, na sakafuni kuna magodoro ya wapangaji.

Pikipiki ya mtendaji iliingia uani, nyuma amempakia mgambo.

"Mama Dina, funga kwa ndani," Imakulata alisema haraka. "Ufunguo uache humohumo tunduni, wa nje asiweze kuuchokoa."

Ufunguo ulizunguka mara mbili. Komeo nalo likasukumwa.

Cecil alitikisa mlango, haukucheza. Alimgeukia mgambo kwa hasira. "Chukua hilo boksi la vifaa, ni kielelezo. Bisibisi, tupa ya chuma, kila kitu."

Mgambo alilibeba boksi zima, akalifunga kwa kamba juu ya pikipiki. Katika vifaa hivyo ndimo ilimotoka ada ya mwanawe Luka, unga, na kodi ya chumba cha Imakulata.

"Mama, toka humo," Cecil aliita.

"Nangu sitoki, mimi sitoki," Scholastika alijibu kutoka ndani. "Hapa kwangu."

Mbali kidogo, lori la wanunuzi lilikuwa linapunguza mwendo. Cecil alilitazama, akajifuta shingo, akamgeukia Imakulata.

"Fungua huu mlango."

"Kwa kitu gani? Vifaa vyangu umevishika wewe."

Hajira alicheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Cecil alimshika Imakulata mkono, akamsukuma kuelekea kwenye pikipiki.

"Basi leo utalala mahabusu."

"Nitalala," Imakulata alisema. "Mama Dina analala kwake."