Si Mbaya Sana

Tufani ya vumbi ya Jumapili jioni ilimkosesha Noelene Pratley tamthilia yake. Dishi la setilaiti lilikata matangazo ndege ya wauguzi wa tamthilia ikiwa hewani, injini moja imezimika, na yule rubani mwenye macho ya bluu anatokwa jasho. Noelene alilitukana dishi, akaitukana serikali, kisha akamgombeza mumewe Merv kana kwamba ndiye aliyeleta vumbi. Marudio yalikuwa Jumatatu saa tano asubuhi. Tangu aamke hakuwa amepokea simu hata moja, maana alimjua Beryl, jirani yake wa kilomita sabini kusini. Mwanamke yule hakuwa na breki mdomoni. Angemwambia kama rubani amekufa au amepona hata kabla ya salamu.

Huko magharibi kabisa mwa New South Wales, ambako kondoo ni wengi kuliko watu na daktari huja kwa ndege, kila mtu huifuatilia tamthilia ile na kila mtu huisema vibaya. Eti nywele za nesi haziingii vumbi. Eti ndege inatua bila mtu kufukuza kangaruu kwenye njia yake kwanza. Merv alisema wachunga kondoo wa kwenye runinga wanavaa kofia walizonunua jana yake. Lakini jaribu kumpigia mtu simu Jumapili saa ya tamthilia uone kama atapokea.

Asubuhi hiyo Noelene hakutulia. Alikaa, akainuka, akafungua friji akaifunga, akaenda dirishani kutazama zizi ambalo halikuwa na la kutazamwa. Kuna kitu kilikuwa kifuani mwake. Kilianza alfajiri alipokuwa akiwalisha mbwa: uzito katikati ya kifua, ukapanda mpaka kwenye taya, ukashuka mkono wa kushoto. Alimeza vidonge vya kiungulia, akalisingizia gunia la chakula alilobeba juzi. Lakini alijua. Misimu minne ya tamthilia ilikuwa imemfundisha dalili zile, na mara ngapi alikuwa amekaa kwenye kiti hichohicho akimfokea mtu wa kwenye runinga: piga simu, mpumbavu wewe, unangoja nini?

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Watu wa kule hawana methali hiyo. Wao mtu anaweza kuwa ameangukiwa na trekta, ukamuuliza hali, akakujibu, "Si mbaya sana." Si ujasiri, ni malezi. Ndege ni chache na nchi ni kubwa, kwa hiyo anayelalamika anaonekana kama anamnyang'anya mwenzake. Mtoto wa kule hufundishwa hilo kabla hajafundishwa kufunga kamba za viatu, na Noelene alikuwa amefundishwa vizuri.

Na palikuwa na sababu nyingine, nayo ilikuwa imelala chumba cha pili. Binti yake Tamsin alikuwa nesi wa ndege, nesi wa kweli, si wa runinga. Alikuwa nyumbani wiki ya tatu sasa, na hakusema amekuja kwa nini. Alilala mpaka jua kali, akiamka anatembea peke yake kufuata uzio, akirudi anakula kidogo na kunyamaza sana. Noelene alimpenda mtoto yule kwa hofu, kama wanavyopendwa watoto wenye kazi za hatari. Mtu kakimbia wagonjwa kuja kupumzika kwa mama yake, halafu mama naye awe mgonjwa? Hapana, alijiambia. Kitapita.

Saa tano ilipofika, alikaa pembeni mwa kiti na kuutazama mchezo. Ndege ilitua kwa injini moja. Rubani akapona. Noelene alingoja furaha, haikuja, ila jasho la baridi lilimshuka mgongoni. Kisha akaletwa mzee mmoja mchunga ng'ombe, anashika kifua na kupiga mayowe, na wauguzi wakashuka mbiombio. Wakamshtua kwa umeme mara moja tu, akafumbua macho akatania.

"Tayari amepona?" Tamsin alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Amepona."

Tamsin akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha mtu aliyefurahi. Noelene akapandwa na hasira, na hasira yenyewe nusu ilikuwa maumivu. "Wewe nawe, kama hutaki kuangalia, ondoka. Na kama una neno, liseme. Wiki tatu unazunguka humu ndani kama mtu aliyeangusha sindano."

Alitegemea mlango utabamizwa. Badala yake Tamsin alikuja akakaa kwenye mkono wa kochi, macho kwenye runinga, akaanza kusimulia kwa sauti ya kawaida kabisa.

Siku yake ya mwisho kazini simu mbili ziliingia karibu pamoja. Ya kwanza ilitoka kambi ya wawindaji, kijana kateguka bega, anapiga kelele mpaka daktari akaisogeza simu mbali na sikio. Ya pili ilitoka kwa mzee wa shamba moja kaskazini. Alisema mkewe hajisikii vizuri kidogo. Akasema pia wasiharakishe, na kama kuna mwenye shida zaidi waanze naye. Basi wakaanza na mwenye kelele.

"Tulipofika kwa mzee, alikuwa ameshafukuza kangaruu mwenyewe," Tamsin alisema. "Ametandika kitambaa mezani barazani. Ametuwekea chai na keki, sisi, watu wa ndege. Mkewe yuko chumbani, ameshakata roho. Alikuwa bado wa moto, mama. Tungeanza kwake tungemkuta anaongea."

Noelene alipunguza sauti ya runinga.

"Unajua mzee alituambia nini? 'Samahani kwa kuwasumbua bure.'" Tamsin aliweka kikombe chini. "Sirudi tena kule. Damu naiweza. Watu wenye adabu mpaka kaburini, hao siwawezi."

Kwenye runinga wauguzi walikuwa baa wanacheka. Noelene alitaka kumkumbatia binti yake, lakini hakuwa amezoea, kwa hiyo alifanya alichozoea: aliinuka kwenda kuchemsha maji. Njiani alimfikiria yule mwanamke wa chumbani. Bila shaka mumewe alimuuliza hali kabla ya kushika simu, na bila shaka alipewa jibu, na mzee wa watu akalipeleka jibu lile kama alivyopewa. Alipofika mlango wa jikoni maumivu yakamkaba, akashika fremu ya mlango.

"Mama, uko sawa?" Tamsin aliuliza bila kugeuka.

Jibu lilikuwa tayari ulimini, lilikuwa limekaa hapo miaka yote ya maisha yake. Noelene akalimeza kwa shida kuliko alivyomeza vile vidonge.

"Siko sawa, mwanangu. Kifua kinaniuma tangu alfajiri. Maumivu yamefika kwenye taya na mkono huu. Nilikuficha."

Tamsin hakupiga kelele. Alimkalisha chini pale pale mlangoni, akavuta sanduku la dawa kutoka kabatini, akampa aspirini aitafune, na simu ilikuwa tayari sikioni mwake. Merv aliingia kutoka bandani akakuta mkewe amekaa sakafuni, na alipoelezwa, akasema pengine wangoje kidogo, waone baada ya chakula cha mchana. Tamsin alikuwa ameshaanza kuongea na daktari.

Daktari alitaka kuongea na mgonjwa mwenyewe. Tamsin akapiga magoti, akamwekea mama yake simu sikioni. Ilikuwa sauti ya msichana, mpole, mwenye haraka. Alieleza kwamba ndege iliyo karibu ni moja, na kuna mtu mwingine anaingojea, kwa hiyo anaomba ukweli. "Bi Pratley, hali yako ikoje?"

Noelene alimfikiria huyo mwingine, na watu wake waliokaa naye wakitazama juu. Aibu ikamwaka usoni mpaka masikioni. Akamtazama Tamsin. Tamsin hakumwambia aseme nini, alikuwa anamtazama tu, na macho yake yalijaa maombi.

"Mbaya," Noelene akasema. "Mbaya sana, daktari. Njooni kwangu kwanza."

Akaanza kulia, kwa haya kuliko kwa maumivu, na Tamsin akamshika kichwa akakilaza begani kwake. Merv alikuwa bado amesimama mlangoni. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia mke wake akiomba kitu mbele ya mtu. Akamtazama, akamtazama tena, kisha yeye, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha, akatoka mbio kwenda kusafisha njia ya ndege.