Bibi Ndani ya Kichwa cha Namba Tatu

Ndoto ya usiku wa jana nimeambukizwa na jirani yangu, Mama Msafiri. Anaapa kwamba mashine ya hospitali ya macho ililimeza jina lake. Alijiandikisha kwa simu Alhamisi, akajibiwa "Asante", na alipofika wakamwambia hayumo. "Ilishiba, ikacheua," anasema, "nami nikatoka na hewa."

Mimi ndiye ninayedeki chumba cha hiyo mashine, kwa hiyo nilimcheka. Ila jana mchana nilimwandikisha bibi yangu kwa njia hiyo hiyo. Nilijaza majina mawili tu, maana nafasi ilikuwa ya mawili. Bibi ana mtoto wa jicho, macho yote, na madaktari wageni wanaondoka Jumatano. Nikalala nimeacha kucheka.

Basi ndotoni naingia na ndoo yangu. Mashine haipo. Kwenye benchi wameketi wanaume wanne, kila mmoja na namba mgongoni, wanahudumia dirisha dogo. Dirishani hakuna watu, kuna midomo tu. Mdomo unasema jina, mwanaume anaitikia, kichwa chake kinaongezeka.

Cha Namba Tatu kimefika kwenye pangaboi. Pangaboi linamkuna.

"Shikamoo," nikamwambia, maana hata mtu akivimba bado ni mkubwa wako.

"Marahaba. Usinidekie miguu, nakumbuka."

"Unakumbuka nini?"

"Kila kitu. Mwezi wa tatu alikuja mzee kuulizia miwani. Alikuwa na ndizi. Bado ninayo."

"Miwani?"

"Ndizi."

Mlango unafunguka, inaingia mizani ya kliniki ya watoto wachanga, ile ya kuning'iniza, imevaa kikaptula chake. Inatembea kama mwalimu wa zamu. Kifuani imebandikwa karatasi ambayo Lusajo, fundi wetu wa kompyuta, huwa ameibandika ukutani: AKIZIDI, ZIMA WASHA. MMOJA MMOJA, DIRISHA LISILALE.

"Namba Tatu, umezidi kipimo," inasema. "Unazimwa, unawashwa. Wenzako watashika dirisha."

"Mimi sijambo kabisa," anasema Namba Tatu, na dari linapasuka.

Nikaiuliza mizani, "Akizimwa, vilivyomo kichwani vinakwenda wapi?"

"Haviendi. Vinakwisha. Ndiyo maana kuna daftari."

Daftari lipo mezani, hatua nne kutoka benchi. Nalifunua. Jeupe kama kanzu ya Idi.

"Baba, hukuandika hata mmoja?"

"Meza iko mbali," anasema. "Na kichwani kulikuwa na nafasi."

Hapo sauti ikatoka sikioni mwake. "Mke mwenzangu! Ni wewe?"

Nachungulia. Bibi yangu amekaa humo juu ya kigoda, anamenya karanga, pembeni yake ile ndizi.

"Huku kuna joto," anasema. "Na huyu baba ana mambo! Kabla hawajamzima nitoe, bado nataka kuuona uso wako kabla hujazeeka."

"Sekunde thelathini," inasema mizani. "Zikiisha, nakata."

Sekunde zikaingia. Ni kuku. Kuku thelathini weupe, wanapita katikati ya miguu yangu kuelekea mlangoni, mmoja mmoja, bila haraka. Naziba mlango kwa ndoo. Kuku wa kwanza anairuka.

Nakimbilia meza. Meza sasa ni dawati langu la darasa la saba kule Igalula, limenibana magoti, na penseli inaniambia, "Usipite mstari."

"Bibi, jina!" napiga kelele.

"Mwashi binti Kalunde," linajibu sikio. "Wa Igalula. Wamebaki kuku wangapi?"

"Kumi na moja!"

"Basi ongeza: asiyependa kupigiwa kelele."

"Bibi, hilo halina nafasi!"

"Unaona unavyopiga kelele? Andika."

Naandika polepole, maana nikikimbiza mkono huwa naandika matope. Kuku watano. Penseli inaikosoa K yangu, naifuta, naiandika tena. Kuku wawili. Naweka nukta.

Namba Tatu ananiinamia kwa shida, vipande vya dari mabegani.

"Dada, na mimi sikujiandika popote. Nikiamka sitajijua. Utaniambia jina langu?"

Nafungua mdomo. Kuku wa mwisho anaruka ndoo. Mizani inafyatua: ta!

Kwenye benchi ameketi mwanaume mwembamba, kanyoa vizuri, shati limepigwa pasi.

"Karibu," anasema. "Nikusaidie nini?"

"Ile ndizi je?"

"Ndizi gani?"

Simu ikatetemeka chini ya mto, nikaamka. Kumekucha. Bibi ameketi kitandani kwake, anapapasa akitafuta khanga.

"Nani huyo asubuhi yote hii?"

Ujumbe wa hospitali. Nikamsomea: "Ndugu Mwashi binti Kalunde wa Igalula asiyependa kupigiwa kelele, umeandikishwa. Fika Jumanne saa mbili asubuhi."

Nikarudia kwa kunong'ona.

"Ehee," akasema Bibi, "hao sasa wana adabu." Akajifunga khanga, akaanza kuuliza nguo gani atavaa.

Mimi bado nimeshika simu. Chini ya ujumbe kuna mstari mwingine mfupi, ambao sikumsomea.

"Dada, mimi naitwa nani?"