Chuma na Chanjo ya Ndigana

Wiki ya pili baada ya chanjo, mtamba wetu mwekundu aligoma kula. Nilimshika sikio, likaniunguza. Chini ya sikio tezi ilikuwa imevimba kama embe bichi, na mimi, niliyemlazimisha baba akubali kuchanja, nikaanza kuzunguka zizi kama kuku anayetafuta pa kutaga.

"Zipora," baba yangu Bujiku aliniita, "ulisema chanjo inazuia ndigana. Hii ni nini?"

"Ni mwili unajifunza, baba."

"Unajifunza kufa?" Jirani yetu Magesa alidakia akicheka, ameegemea uzio wa zizi. Aliwahi kuchimba dhahabu Geita, na hadi leo kila jambo kwake ni duara, lile shimo la wachimbaji. "Mmemshusha ng'ombe duarani bila kamba, sasa mnasubiri apande mwenyewe!"

Kiliniuma kicheko hicho. Kupe, wanaoeneza ndigana, walikuwa wamemaliza ndama karibu kila zizi, na kijiji kilishasema wazi: mtamba wa Bujiku akipona, tutachanja; akifa, tusisikie tena habari hizo.

Klara, daktari wa mifugo kutoka Kahama, hakutuficha kitu. Siku ya chanjo alimdunga mtamba vimelea hai vya ndigana, kisha upande wa pili dawa ya kuvidhoofisha. "Ni kama kumwingiza mwizi amefungwa mikono," alisema, "ili mbwa wamnuse. Siku akija mwenzake na panga, watamjua." Homa kidogo tuitarajie, aliongeza. Kidogo kiasi gani? Sikuuliza, na sasa ndilo lililokuwa likinitafuna.

Baba akaweka chuma motoni. Kwetu ng'ombe wa ndigana huchomwa tezi, ati ugonjwa utoke na moshi.

"Baba, usichome! Hapo kwenye tezi ndipo mbwa wanaponusa!"

"Kampigie huyo daktari wako."

Nilikimbilia kichuguuni, ndiko kwenye mtandao. Klara akauliza: anahema kwa shida? Hapana. Anacheua? Sikujua.

"Rudi utazame. Akicheua, mwacheni. Asipocheua, nakuja na dawa."

Harufu ya manyoya yaliyoungua ilinipokea kabla sijafika zizini. Mtamba alikuwa anatetemeka, ana alama mbili nyeusi chini ya masikio. Na alikuwa anacheua.

"Unaona?" alisema baba.

"Alikuwa anacheua kabla hujamchoma?"

"Mimi nilikuwa natazama chuma."

Homa ilishuka, mtamba akarudi malishoni. Magesa naye akarudi. "Bujiku, kimemponya nini?"

"Chuma," baba alijibu bila kupepesa macho. "Chanjo ndiyo iliyomletea homa."

Nilifungua mdomo, Magesa akaniwahi. "Msigombane. Nina ndama wanne. Wawili wachanjwe, wawili wakiugua nichome. Kupe wataamua."

Ushahidi niliokuwa nautafuta ulikuwa umeletwa hadi mlangoni. Ningeitikia tu, wale wawili wasiochanjwa wangekufa, na hakuna ambaye angebisha tena. Lakini niliona moyoni namna ndama mwenye ndigana anavyokufa, povu puani, shingo imenyooka akitafuta hewa.

"Wachanjwe wote wanne," nilisema.

"Na chuma?"

"Fundi wa chuma ni baba, muulize yeye. Ila chanjo kwanza."

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Umesikia, Magesa? Fundi ni mimi!"

Niliwaacha wakisifiana, nikaenda kumpigia Klara kabla Magesa hajabadili mawazo.