Kikohozi Ndani ya Chupa

Siku ya kliniki, fundi viatu alipewa kikopo cha makohozi, akatumwa nyuma ya jengo, penye upepo. Alijikamua mpaka machozi yakamtoka. Kifua kilikuwa kimekauka, kikatoa mate tu. Akayapeleka hayo hayo. Hakutaka kuambiwa arudi tena; mjukuu wake alikuwa amezaliwa, na mpaka siku hiyo alikuwa akimwona kupitia dirisha.

Kisha muuguzi akamtoa damu, kama walivyotolewa wagonjwa wote wa kifua kikuu tangu watafiti waje. Damu ya mgonjwa hukohoa ndani ya chupa. Dawa zikimkubali, damu hupunguza sauti, mwisho hunyamaza. Ya fundi viatu ilianza kukohoa kabla kizibo hakijakazwa.

"Mh, baba, hii yako bado ina maneno," muuguzi alisema.

"Ikanye, mwanangu. Mimi nina mjukuu wa kubeba."

Daktari aliikuta chupa mezani imefunikwa taulo, ikikohoa kwa sauti ya mwenyewe, ile ya kukwaruza ya mtu aliyevuta gundi ya viatu maisha yake yote. Akasoma jibu la maabara.

"Makohozi safi. Umepona, mzee."

"Yalikuwa mate, daktari," muuguzi alisema.

"Basi mate ni safi. Damu ni mambo ya watafiti. Sisi hapa tunafuata makohozi."

Chupa ilikohoa tena. Daktari alingoja imalize, kwa adabu, ndipo akagonga muhuri. Fundi viatu aliitazama ile taulo. Sauti yake aliijua. Akashukuru, akachukua kofia yake.

"Wamesemaje, baba?" mkwewe aliuliza mlangoni.

"Wamesema nimepona."

Mkwe akampakatisha mtoto, na tangu hapo mtoto akawa halali mpaka alazwe kifuani pa babu.

Mtoto alipoanza kunyong'onyea, mama yake alimpeleka kliniki. Muuguzi alimchoma kisigino. Tone lilipotoka lilikohoa, kikohozi kizito, cha kukwaruza.

"Huyo ni baba mkwe," mama alisema.

"Ndiye," muuguzi alijibu, akalifuta kwa pamba.

Daktari alileta kikopo, akamtazama mtoto, akakirudisha kabatini.

"Akishajua kutema makohozi," alisema, "mlete."